VIBABA VIWILI: CHA NAFSI ZETU NA CHA WENZETU

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, ajuaye yaliyo wazi na yaliyofichwa vifuani. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na Jamaa zake, na Sahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao mpaka siku ya malipo. Ama baada ya hayo:

Usiku mmoja katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha tulikuwa tukisoma mlango wa ria na kujiona. Kijana mmoja katika wanafunzi wetu, naye ni mwenye adabu na mwenye kuhudhuria sana, aliinua mkono akasema: "Sheikh, niwie radhi. Mimi najiona ni mtu wa kawaida tu, sina mambo mengi. Nasali, nafunga, simdhulumu mtu, na moyo wangu ni mweupe. Mbona twasomeshwa siku zote hizi habari za moyo, kana kwamba ndani ya kila mtu mna mji mzima?" Jamaa walicheka. Tukawaambia kuwa suali hili si la kuchekwa, na kwamba tutalijibu kwa kalamu ili na wengine wafaidike. Haya ndiyo majibu yetu.

Ewe ndugu msomaji, kabla ya kumjibu kijana huyu, hebu tutazame jinsi sisi watu wa miji hii tunavyojisema wenyewe na tunavyowasema wenzetu. Mtu akiitwa kwenye hesabu, akaambiwa aitazame nia yake na achunguze alichokusudia, husema: Mimi ni mtu wa moyo mmoja, lililo ndani ndilo lililo nje. Lakini mtu huyo huyo akikutwa na kosa, mara huwa bahari isiyojulikana kina chake. Husema: Nyinyi hamjui yaliyonifika; hamjui nyumbani mwangu mna nini; hamjui siku ile nilikuwa katika hali gani. Basi wakati wa kuhesabiwa yeye ni mwepesi kama karatasi, na wakati wa kulaumiwa yeye ni mzito kama kitabu cha juzuu kumi.

Na jirani je? Jirani hapati hata ukurasa mmoja. Yeye hupewa neno moja, nalo likamtosha uhai wake wote: fulani ni bakhili, fulani ni mlevi, fulani ni mnafiki, fulani ni mpenda makuu. Tukichelewa sisi kulipa deni, ni kuwa biashara imelala na watoto wanadaiwa ada ya skuli. Akichelewa yeye, ni mla haki za watu. Tukipitwa sisi na sala ya Alfajiri, ni uchovu. Akipitwa yeye, ni kuidharau dini. Tukinyamaza sisi barazani, ni busara. Akinyamaza yeye, ni kiburi. Je, ndugu zetu, si hivi ndivyo tulivyo? Au sisi twawasingizia watu?

Wazee wetu walikuwa wakipima nafaka kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne ndivyo pishi moja. Lau mwenye duka angeweka vibaba viwili, kikubwa cha kununulia na kidogo cha kuuzia, mji mzima ungemlaani. Na Mwenyezi Mungu ameteremsha sura, nayo ni Suratul Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya watu wa namna hii, ambao wakijipimia kwa watu hutaka kijae, na wakiwapimia wao hupunguza. Wengi wetu tukiisoma sura hii twadhani yawahusu wenye maduka peke yao. Walakini wako wafasiri walioikunjua maana yake, ikaingia pia namna mtu anavyozidhihirisha aibu za watu na kuzisitiri zake, na anavyotaka kufanyiwa insafu asiifanye yeye. Na haki ya heshima ya Muislamu ni nzito kuliko haki ya mchele.

Sasa turudi kwa suali lenyewe: je, mtu ni kitu kimoja chepesi, au ni mambo mengi yaliyokusanyika?

Kurani Tukufu imeitaja nafsi ya mwanadamu kwa sifa tatu. Katika Sura ya Yusuf imetajwa nafsi iamrishayo mno maovu. Katika Sura ya Al-Qiyama imetajwa nafsi ijilaumuyo. Na katika Sura ya Al-Fajr imetajwa nafsi iliyotua. Wanavyuoni waliohakikisha wametueleza kuwa hizi si nafsi tatu ndani ya mtu mmoja, bali ni nafsi moja ambayo hali zake hugeuka. Huenda mtu akaamka na ile ya kwanza, akashinda na ya pili, na Mungu akimjaalia, akalala na ya tatu. Basi anayesema kuwa yeye ni mtu wa hali moja tu, na atwambie: ni ipi katika hizo, na tangu lini imekoma kugeuka?

Na Imamu Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipotunga Ihya yake yenye vitabu arubaini, aliufungua mkusanyo wa mambo yenye kuangamiza kwa kitabu kizima cha kueleza maajabu ya moyo. Humo amesema kuwa mwanadamu amekusanyikiwa na tabia nne: ya mnyama mwenye kutamani, ya mnyama mkali mwenye kurarua, ya shetani mwenye hila, na ya kirabbani yenye kutaka ilimu na utukufu. Akapiga mfano wa nguruwe, na mbwa, na shetani, na mwenye hekima, wote wamo ndani ya ngozi moja. Na kazi ya mwenye hekima ni kuwatawala wale watatu. Akilala, wao ndio watakaomtumikisha. Basi ewe kijana wetu, ulisema kwa mshangao kuwa ni kana kwamba ndani ya mtu mna mji mzima. Wallahi umesema kweli nawe hukukusudia.

Huenda mtu akasema: haya ni maneno ya wanavyuoni wa baadaye, Sahaba walikuwa watu wepesi wa moyo mmoja. Hapana, ndugu yetu. Itazame Hadithi ya Hanzala iliyopokewa na Muslim. Hanzala alikuwa katika waandishi wa Mtume (S.A.W.). Siku moja alikutana na Sayyidna Abubakar (R.A.) akamwambia kuwa yeye Hanzala amekuwa mnafiki. Alipoulizwa sababu, alieleza kuwa wakiwa mbele ya Mtume huikumbuka Pepo na Moto hata kama kwamba wanaviona kwa macho, lakini wakirudi kwa wake zao na watoto wao na mali zao, husahau mengi. Na Abubakar alimjibu nini? Hakumwambia kuwa yeye ni mtu wa moyo mweupe hana mambo hayo. Alikiri kuwa na yeye humfika kama hayo! Wakaenda wote wawili kwa Mtume, naye akawafahamisha kuwa lau wangedumu katika hali ile waliyo nayo mbele yake, Malaika wangewapa mikono vitandani mwao na njiani mwao. Walakini ni saa kwa saa.

Yazingatie haya. Mtume hakumwambia Hanzala kuwa yeye ni mnafiki, wala hakumwambia kuwa hana la kujichunga. Alimjulisha kuwa mwanadamu ana saa zake, na kwamba yule alieye kwa kuiona saa mbaya ndani ya nafsi yake si sawa na yule ambaye hakuiona kabisa. Imamu Bukhari naye ametaja kuwa Ibn Abi Mulayka aliwadiriki Sahaba thalathini, na kila mmoja wao alikuwa akiuhofia unafiki juu ya nafsi yake. Wao waliuhofia, nasi twajiona tumesalimika. Je, sisi ndio weupe wa moyo zaidi, au ndio vipofu zaidi?

Na tukitaka mfano wa mtu mkubwa aliyejifungua akajisoma, tumtazame huyu huyu Imamu Ghazali. Mwaka 484 wa Hijra, yaani 1091, alipewa kusomesha katika madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, na hapana cheo cha kusomesha kilichokuwa kikubwa kuliko hicho katika zama zake. Mwenyewe amehadithia, katika kitabu alichokieleza humo maisha yake, kuwa alikuwa na wanafunzi mia tatu. Kwa nje alikuwa mtu wa neno moja: mwanachuoni. Kisha akaitazama nia yake katika kusomesha, akakuta kuwa haikuwa safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bali kinachomsukuma ni kutaka jaha na sifa kuenea. Tangu mwezi wa Rajab mwaka 488, yaani 1095, akakaa karibu miezi sita akivutwa huku na huku: asubuhi azma ya kuondoka ni ya kweli, jioni matamanio yameivunja. Mwisho ulimi wake ukafungika asiweze kusomesha, na chakula kikawa hakimpiti. Ndipo alipoiacha Baghdad, akagawa mali yake, akabakisha ya kumtosha yeye na watoto wake.

Na watu walisemaje? Amesema kuwa waliokuwa mbali na Iraki walidhani ameondoka kwa kuwaogopa watawala. Tazama! Mtu mzima amechanika moyo nusu mwaka, na watu wamemtafutia sababu moja nyepesi, wakaenda zao. Alipokuja kurudi kusomesha, katika mji wa Nishapur mwaka 499, alisema wazi kuwa ingawa kwa dhahiri amerudi, yeye hakurudi kule alikotoka, kwa sababu nia imekuwa nyingine. Kitendo ni kile kile, na mtendaji ndani ya nafsi yake ni mwingine. Nani barazani angeliweza kuliona hilo?

Hicho ndicho kibaba cha kujipimia. Ama kibaba cha kumpimia mwenzetu, Mtume (S.A.W.) ametufundisha nacho. Imamu Bukhari amepokea habari za mtu mmoja jina lake Abdullah, aliyekuwa akiitwa kwa lakabu ya Himar, naye alikuwa akimchekesha Mtume. Mtu huyu alikuwa akinywa ulevi, na Mtume alikuwa amekwisha kumpiga hadi kwa ajili yake. Siku moja aliletwa tena, akapigwa. Mtu mmoja akamlaani, akataja wingi wa mara anazoletwa. Mtume akamkataza asimlaani, akatoa ushahidi kuwa mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake.

Ndugu zetu, hapa yataka tusimame. Ulevi haukuhalalishwa, wala adhabu haikuondolewa. Kitendo kiliitwa kwa jina lake na kikalipwa malipo yake. Walakini mtu hakufanywa kuwa ni kile kitendo peke yake. Ndani ya kifua kimoja mlikuwa na kushindwa na ulevi, na mlikuwa na mapenzi ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, na la kwanza halikumfuta la pili. Na Usama bin Zaid (R.A.) alipomuua vitani mtu aliyekwisha kutamka shahada, kwa kudhani kuwa ameitamka kwa kuogopa silaha, Mtume alimuuliza kama alimpasua moyo akajua. Na Usama alikuwa kipenzi cha Mtume! Ikiwa Usama hakupewa ruhusa ya kuhukumu yaliyo moyoni mwa adui aliye mbele yake na upanga, nani aliyetupa ruhusa hiyo sisi tulioketi juu ya mikeka, na vikombe vya kahawa mikononi?

Sasa yatupasa tuseme jambo ambalo nafsi yetu haipendi kulisema. Haifai kuwahesabu wasomaji tukajiacha.

Katika mtaa wetu yuko mtu anayejulikana kwa ulevi. Jina lake hatulitaji, na mwenye kumjua namuomba Mungu amsitiri. Mwaka mmoja, kabla ya Ramadhani, alianza kuja darsani, akikaa karibu na mlango, palipowekwa viatu. Usiku wa kwanza tuliacha mlango tuliokuwa tukiusoma tukaingia kueleza uharamu wa ulevi. Usiku wa pili tukaendelea. Usiku wa tatu tukazidisha ukali, na macho ya watu yakawa yanakwenda mlangoni na kurudi kwetu. Usiku wa nne hakuja. Jamaa wakatusifu, wakasema kuwa haki imesemwa, nasi tukarudi nyumbani tumetua, tukijiona kuwa tumeamrisha mema na kukataza maovu.

Baada ya siku nyingi tulikutana naye kichochoroni. Alitupa mkono kwa adabu, tukamuuliza mbona haonekani. Akasema: "Sheikh, kuwa ulevi ni haramu nalijua, tena nalijua kuliko wewe, maana mimi ndiye ninayelala nalo. Mimi nilikuja nikiomba nisahihishiwe Alhamdu yangu. Utotoni sikukaa sana chuoni, na kila nikisali naona haya." Kisha akaomba ruhusa akaenda zake.

Usiku ule hatukupata usingizi. Tuliufungua moyo wetu kama vile tunavyowafungulia wanafunzi vitabu, tukauliza: zile siku tatu tulikuwa tukimsemesha nani? Tukakuta kuwa ndani yake mlikuwamo kweli nasaha kidogo. Lakini mlikuwamo pia kutaka jamaa waone kuwa sisi hatuogopi mtu. Mlikuwamo furaha ya kuwa na mkosa mbele ya macho, ambaye kando yake sisi twaonekana weupe. Mlikuwamo na uvivu, maana kumkemea mtu mbele ya watu ni rahisi kuliko kukaa naye peke yake, herufi kwa herufi, akaisoma Fatiha. Mambo manne katika jambo moja, nasi tulikuwa tukiliita kwa jina moja zuri! Yeye tulimpa neno moja, mlevi. Na nafsi yetu tukaipa neno moja, mwenye haki. Na maneno yote mawili yalikuwa vibaba vya wizi. Tulimwendea kwake kumtaka radhi, akatusamehe, akasema atakuja inshaallah. Mpaka tunaandika haya hajaja.

Basi ewe kijana wetu, hii ndiyo sababu ya kusoma habari za moyo. Kama sheikh aliyezeeka na vitabu huweza kuiba asijijue, kwa nini wewe ujione umesalimika kwa kuwa hujatazama? Nyumba isiyotiwa taa huonekana haina vumbi.

Walakini tuogope pia mlango wa pili, maana shetani akifungiwa huu hupitia ule. Wako watu ambao wakisikia kuwa moyo una mambo mengi, hufurahi, wakayafanya hayo kuwa maficho. Akiambiwa sala, husema dini iko moyoni. Akiambiwa alipe haki za watu, husema Mungu ajua nia yangu. Hawa nao wamekosea. Nyumba huenda ikawa na vyumba ishirini, na mwenye nyumba akawa ni mmoja, naye ndiye atakayeulizwa kilichofanyika katika kila chumba. Mwenyezi Mungu ametwambia katika Sura ya Al-Qiyama kuwa mtu ni shahidi juu ya nafsi yake, ijapokuwa ataleta nyudhuru zake. Na Sayyidna Omar (R.A.) alieleza, kama alivyopokea Bukhari, kuwa baada ya kukatika wahyi watu watachukuliwa kwa yale yaliyodhihiri katika amali zao, na siri zao hesabu yake iko kwa Mwenyezi Mungu. Basi deni hulipwa, mdhulumu huzuiwa, na ovu huitwa ovu. Tulilokatazwa ni kukitia muhuri kifua cha mtu kana kwamba funguo zake tunazo sisi.

Kwa hiyo twawausia ndugu zetu, na nafsi yetu kabla yao, mambo matatu.

La kwanza, ni muhasaba wa kila usiku. Imamu Al-Harith Al-Muhasibi, aliyekufa mwaka 243 wa Hijra, alipata jina lake kwa kujihesabu nafsi. Wewe usipoweza kama yeye, kabla hujalala chagua kitendo kimoja tu katika vya mchana, na khasa kile kilichosifiwa na watu, ukiulize: nani mwingine alikuwa na hisa ndani yako pamoja na Mwenyezi Mungu? Ile futari uliyoipeleka kwa maskini, ukawapiga picha ukaisambaza kwa simu, hisa ya picha ilikuwa kiasi gani? Ile harusi uliyosema ni ya kumfurahisha binti, hisa ya majirani ilikuwa kiasi gani?

La pili, ni kukitaja kitendo bila ya kumgeuza mtu kuwa ndicho. Sema: fulani amekosea katika jambo hili, tena umwambie mwenyewe, faraghani. Usiseme: fulani ndivyo alivyo. Neno "ndivyo alivyo" ni hukumu ya maisha yote, na maisha yake hayajesha.

La tatu, kila unapojitafutia udhuru, ufunge fundo, na udhuru ule ule umpe mwenzako siku ya pili akikosa lililo mfano wake. Na kila unapomkalia mwenzako kwa ukali wa kutaka kujua alikusudia nini, ukali ule ule uurudishe nyumbani kwako. Ukifanya hivi, vibaba vitakuwa kimoja.

Na wewe ndugu yetu ambaye tulikukosea, ikiwa karatasi hii itafika mkononi mwako, ujue kuwa darsa ingali pale pale, baina ya Magharibi na Isha. Lakini usikae tena palipo viatu. Njoo ukae karibu nasi, na tutaanza na Alhamdu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe aibu za nafsi zetu kabla ya kutuonyesha za wenzetu, azisafishe nia zetu katika tunayoyasema na tunayoyaandika, na asituache na nafsi zetu hata kwa kupepesa jicho. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.